Randa ya Mashoto

Ijumaa, saa kumi na mbili unusu,
lami ya Ruwi haijaanza kulainika
na Moideen kishafika. Siku zote kishafika.
Yeye hutafuta shaba: mabomba, waya, vitasa.
Tumegawana urithi wa watu, mimi na yeye, bila mkataba:
kinachong'aa chake, chenye kutu changu.

Nyumba ya chini, nyuma ya duka la matairi.
Vitu vimekokotwa hadi banda la gari:
feni tatu bila mapanga,
televisheni yenye kibiongo,
kitanda cha mtoto kimelazwa koleo na misumari.
Wengine hutafuta kwa macho, mimi kwa pua.
Chuma cha zamani hunuka mafuta ya nazi na jasho la mtu,
cha siku hizi hunuka mfuko kilichokuja nacho.

Nikafukua. Tupa iliyokwisha meno.
Jiriwa la taya moja.
Pimamaji lililokauka tone lake,
halijui tena palipoinama wala palipo sawa.
Msumeno mmoja niliutamani,
lakini ninayo saba, na dada yangu Zamzam
kaapa siku ya wa nane nitalala nao uani.

Halafu, chini ya mfuko wa saruji iliyoganda,
randa.
Ya mti, nyeusi kwa viganja.
Nikaishika, nayo ikanishika.

Nimeshika randa za watu wengi mimi.
Zote hunikataa kidogo, kama kiatu cha kuazima:
kishimo cha gumba huwa ubavu wa kushoto.
Hii kishimo chake kiko kulia.

Mama aliufunga mkono wangu huu kwa kitambaa cha kilemba,
Nizwa, nina miaka sita.
"Wa kushoto ni wa chooni."
Nikajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia,
kupokea peremende kwa kulia.
Nyundo tu ndiyo iliyogoma.

"Bei gani?" nikauliza kwa Kiarabu.
Mwanamke kwenye kiti cha plastiki, kikokotoo mapajani,
hakunitazama uso, alitazama mkono.
Akajibu kwa Kiswahili, cha Wete kitupu:
"Iweke chini. Wewe wa nani?"
Ndiyo Maskati hiyo: unauliza bei, unaulizwa ukoo.

Nikamtajia baba, nikamtajia babu,
akapekua kichwani mwake hadi akanipata.
"Ya marehemu baba. Tuko sita, sote wa kulia.
Kila aliyeigusa ilimng'ata."
Akafuta vumbi kwenye kikokotoo, ambacho hakikuwa na vumbi.
"Kuna mlango ndani. Tangu alazwe unakwama.
Jumatatu anakuja mwenye nyumba mpya,
atabomoa ukuta, mlango, vyote. Najua.
Hebu."

Kinoo sikosi kwenye gari.
Nikaunoa ulimi, nikaugonga, nikakaza kabari,
nikauzuia mlango kwa kandambili.
Mpito wa kwanza ulikuna tu.
Wa pili ukakohoa.
Wa tatu maranda yakatoka mdomoni,
membamba, yamejikunja, rangi ya chai ya mkandaa,
na chumba kizima kikanuka msaji
kama kwamba kuna mtu amerudi kazini.

Akaufunga. Akaufungua. Akaufunga.
Mara ya tano alibaki upande wa pili,
nami nikasimama na mlango, sikubisha.

Alipotoka, alikaa, akabonyeza tarakimu.
"Riali moja na nusu."
"Moja."
"Na nusu. Mlango ulikuwa sadaka, hii ni biashara."

Moideen, shaba begani, akanichungulia:
"Dada, kuni hiyo?"

Nyumbani Zamzam alisimama kizingitini, mkono kiunoni.
Si msumeno, nikamwambia,
kiapo chako kisome vizuri.
Akaichukua aipime uzito. Ikamng'ata.