Kikombe Kikigeuzwa

Ubaoni niliandika: baba ananipenda.
Darasa la Kwanza B, Kiwalani, watoto mia na kumi na wawili,
wanne katika dawati la wawili,
waliobaki sakafuni, wanaandikia magoti.
Sikudhani, mstari wa tatu, ulimi nje kama anayetunga uzi kwenye sindano,
akaandika: dada ananipenda.

Nikamchapa. Moja tu, kiganjani.
Nasema "moja tu" kana kwamba kiganja kinajua hesabu.
Kesho yake baba akawa dada tena.

Likizo ya Juni tukaitwa semina: siku tatu, soda, maandazi.
Mwezeshaji, mdogo kuliko mwanangu wa pili,
alibandika manila akachora kichwa cha mtoto
kama anayechora nyumba ya Kinyerezi:
chini pamekwisha, watu wamehamia, wanapika;
juu nondo zimesimama wazi zikisubiri ghorofa.
"Hapa, nyuma ya paji la uso,
pa kujizuia, pa kungoja zamu,
fundi hamalizi mpaka mtu apite miaka ishirini."
Tukacheka. Mwalimu Mwinshehe akauliza, fundi huyo analipwa na nani?
"Usingizi," akasema. "Uji. Na sauti isiyotisha."

Halafu akainua kikombe chake cha chai.
Hiki nini? Kikombe.
Akakigeuza, mkono wake ukahamia kushoto.
Na sasa? Kikombe.
Basi ndivyo ubongo ulivyomfunza mtoto tangu anatambaa:
kandambili ikigeuka ni kandambili,
mbuzi akigeuka ni yule yule mbuzi,
mama akienda zake bado ni mama, hata kwa kisogo.
Kisha anakuja kwetu, tunamwambia:
kijiti na kitumbo, kitumbo kikiwa kulia ni b,
kikiwa kushoto ni d,
na ole wako.

Chai yangu ilipoa. Sikuinywa.

Julai, ndege inashuka juu ya bati letu,
vichwa vyote vinaifuata. Zamani ningegonga meza.
Sasa nanyamaza nao mpaka ipite;
chujio la masikio yao lina matundu makubwa bado,
hupitisha ndege, hupitisha muuza barafu,
na mimi, na silabi zangu, kwa pamoja.
Ikishatua, naanza sentensi upya.
Anayesinzia namwacha dakika kumi. Najua baa iliyo ukutani kwao
inazima spika saa ngapi.

Sijawa malaika. Ijumaa iliyopita nilifoka,
nikamuuliza Nuhu tatu na mbili ni ngapi,
akasimama akitetemeka, na si jibu tu lililompotea.
Nilimwona akilitafuta hata jina lake mwenyewe,
humo ndani, gizani, kama mtu anayepapasa swichi
nyumba ambayo luku imekata.
Kaptura ikalowa.
Nilimpeleka bombani mwenyewe. Hatukusema kitu.

Na Sikudhani tunaandika mchangani, nyuma ya choo kipya,
kwa kidole, kwa mkono mzima, kwa bega:
kijiti kwanza, halafu kitumbo, kinatazama barabara ya lami.
Wiki tatu. Siku nyingine kinatazama choo.

Jana darasani aliandika: baba.
Herufi mbili za b, zimesimama wima, vitumbo kulia,
nikataka kupiga vigelegele.
Akaitazama. Akafuta kwa mate na kidole
mpaka karatasi ikatoboka,
pembeni yake akaandika: dada.

Umekosea tena?
"Sijakosea, mwalimu. Baba sina.
Dada ndiye ananisuka, ndiye ananipenda."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, imefunguliwa.
Nikakumbuka kile kiganja.
"Sikudhani," nikasema, polepole,
na yeye, akidhani naita mahudhurio,
akasimama wima kama herufi:
"Nipo."