Mara ya Pili

Picha ililetwa na dereva wa posta mwezi wa Oktoba,
imebanwa kati ya kadibodi mbili, na salamu za Malkhaz,
yule kijana wa kamera aliyelala kwetu siku mbili
akala jibini letu, akasifu kila kitu, hata mbwa.

Niliitazama nimesimama, mikono ina unga.
Nikakasirika.
Mnara wetu wa Svaneti, karne tisa,
mawe yaliyopandishwa kwa migongo ya watu,
matundu ya kulengea adui enzi za visasi,
ameubana pembeni, mdogo kama jino la maziwa!
Kote kulikobaki ni nyasi,
nyasi, na mlima uliojifunika wingu.
Nikamwambia Nargiza: kumbe hata kupiga picha kunasomewa,
na huyu hakusoma.
Nikaitupia kwenye mtoto wa meza, chini ya mishumaa.

Februari, theluji ilipofika dirishani,
umeme ukakatika. Nikapapasa mishumaa,
picha ikatoka nayo.
Nikavaa miwani ya Baba, maana yangu ina ufa.

Mwanga wa mshumaa hauonyeshi yote kwa pamoja.
Unatembea, kama mtu anayetafuta sindano.
Nikaona nyasi zina rangi mbili:
huku zimelazwa, mstari kwa mstari,
kule zimesimama na maua yake.
Na mpaka wa katikati haukunyooka,
umepindia kushoto, kama anavyopinda mfyekaji
ambaye goti lake la kulia limegoma.

Ilikuwa Jumanne. Baba aliachia pale.
Alisema anakwenda kunywa maji.

Nikasogeza mshumaa. Kwenye kitako cha mnara, kijistari
nilichokidhani mkwaruzo wa karatasi:
fyekeo, limeegemezwa ukutani, makali juu,
vile alivyotukataza maisha yetu yote.

Mnara upo. Mnara siutafuti,
naufungua kila asubuhi nikitoa ndama.
Lakini mpaka ule wa nyasi uliishi siku sita,
kisha jirani Bimurza akaja akamalizia kufyeka,
kwa wema, nasi tukamshukuru.

Pengine kijana hakujua lolote.
Pengine alipenda nyasi tu.
Ila alirudi nyuma hatua nyingi ili zimwenee,
hadi akakanyaga viazi vyangu,
nami nikamfokea mbele ya watu.

Barabara ikifunguka nitamwandikia.
Sijui nianze na lipi, viazi
au asante.