Shoo Mpya

Tumeanza baada ya Alfajiri,
maana ikifika saa tatu bati la gari, hapa Mabela,
linakaanga yai.

Karatasi ya maelekezo inasema: dakika ishirini.
Aliyeiandika hana Land Cruiser ya mwaka tisini na saba,
hajui klipu za plastiki zilizopikwa na Agosti baada ya Agosti:
ukizigusa tu,
inna lillahi.

Shoo yenyewe kanichongea Kunjumon, fundi wa Wadi Kabir.
Nilimchorea nyuma ya risiti ya petroli.
Akaigeuza, akaigeuza tena:
"Ya gari hii, au ya jiko la mishikaki?"

Ya zamani imetoka kwa kilio.
Ghaniya kachungulia dirishani, kikombe mkononi:
"Umelifanya kibogoyo. Meno utayarudisha?"

Spana namba kumi haipo.
Ya nane ipo, ya kumi na mbili ipo.
Ya kumi haijawahi kuwa na kwao.

Shamsa ndiye anayeshika tochi.
Ndiye aliyeona, kwenye mapezi ya rejeta,
makaburi:
nzige wa njia ya Adam, mkavu kama kokwa,
nondo wa Salalah, wa ule msimu wa ukungu,
unyoya, sijui wa nani,
na bawa moja, zima, jembamba kama pumzi kwenye kioo.

"Baba, la nini hili?"
"La kereng'ende."
"Sema tena."

Kwa Kiarabu anamjua, kafundishwa shuleni.
Neno hili nimekaa nalo miaka tisa bila kumpa.
Si kwa choyo. Halikupata safari.
Mara ya mwisho nililisikia kwa mama, Wete,
akimfukuza mmoja kwenye kamba ya nguo
kwa upole, kama mgeni aliyekosea mlango.

Boli ya tatu imekataa, nikaibembeleza, nikaitukana, ikaingia.
Chuma kimeshashika moto;
nakishika kwa kanzu kuukuu.
Klipu moja imebaki. Sijui ya wapi.

Barabara kuu, spidi mia na kumi,
shoo inapiga mluzi.
Ghaniya ananitazama, hasemi.
Nyuma, Shamsa, bawa ndani ya karatasi ya chingamu,
anaujibu mluzi: kereng'ende, kereng'ende,

na ndani ya bampa kuna kitu kinagonga.
Nadhani ni spana.