Benchi la Chini

Taisto hakulalamika. Alikaa tu
kwenye benchi la chini la sauna,
yeye ambaye miaka arobaini na moja amekaa la juu kabisa,
pale mvuke unapochoma masikio,
huku akiniita mwoga.

"Miguu," akasema,
kama anayemtaja jirani aliyehama bila kuaga.

Nikadhani ni theluji; alikuwa ameipiga sepetu tangu alfajiri.
Nikadhani ni uzee, maana uzee hubebeshwa kila lawama
na hauna wakili.
Siku ya tatu akashuka ngazi za ghala kinyumenyume,
kiganja ukutani.
Siku ya nne nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza:
mkojo wako una rangi gani?
Akatazama misonobari dirishani.
"Chai," akasema. "Chai iliyosahauliwa jikoni."

Nikavifunga vidonge vyake vyote katika kitambaa cha meza,
nikaongeza balungi moja, sijui kwa nini,
labda kwa kuwa lilikuwa pale pale, karibu na bilauri yake,
katika mfuko anaotuletea Tuulikki kutoka Tampere,
kwa ajili ya afya.

Saimi wa duka la dawa akavipanga juu ya kaunta
kama anayecheza karata na mtu asiyemwamini.
"Hii ya kolesteroli, miligramu arobaini. Tangu lini?"
Tangu tulipomzika Olavi, kaka yake.
"Na hii ya presha?"
Wiki sita. Daktari mgeni, wa zamani amestaafu.
Mmoja aliandika ile, mwingine akaandika hii,
na kati yao palikuwa na sisi tu,
tuliomeza.

Akachora ini mgongoni mwa bahasha.
Lilifanana na kiatu kilichokanyagwa.
"Zote mbili ni dawa njema," akasema,
"na nyumba moja zinaweza kukaa.
Ila mlango wa kutokea ni mmoja,
na hii ya presha hupenda kusimama mlangoni.
Ile ya kolesteroli inarundikana ndani.
Arobaini haibaki arobaini.
Zikiwa pamoja, hizi mbili, ishirini ndiyo ukomo,
ama sivyo misuli ndiyo inayolipa, na figo zikadhamini deni."
Kisha akaligusa balungi kwa ncha ya kalamu:
"Na huyu ndiye anayetia kufuli."

Basi tuzitupe zote?

"Hapana!" Sikuwahi kumsikia Saimi akipaza sauti,
hata siku paa lake lilipobomoka kwa uzito wa barafu.
"Presha ukiiacha gizani, inakurudia na shoka.
Hiyo aendelee nayo. Ya kolesteroli asiimeze leo,
na msirudi nyumbani: nendeni Joensuu, sasa hivi, wapime damu.
Nampigia daktari simu mimi mwenyewe."

Kilomita sabini. Niliendesha mimi.
Taisto alihesabu nguzo za umeme kwa sauti,
na alipokosea hakuanza upya.

Figo zilikuwa zimepona kwa unywele.
Wakamlaza siku nne, wakamwekea maji mshipani,
na miguu ilipotulia wakampa dawa nyingine ya kolesteroli,
isiyopitia mlango ule.
Tuulikki alilia kwenye simu kwa ajili ya mabalungi.
Nikamwambia, mwanangu, lete machungwa.

Sasa jokofu letu lina karatasi:
jina la dawa, kipimo, saa, nani ameiandika.
Hata vidonge vya mafua havipiti
bila karatasi ile kwenda kwa Saimi kwanza.
Taisto anaiita pasipoti. Anaibeba kifuani,
mfuko mmoja na tumbaku, ambayo hiyo
ni vita nyingine.

Jumamosi hii amekaa benchi la katikati.
Nimemwaga maji juu ya mawe, kidogo, kisha zaidi.
Mvuke ukapanda, nikainama.
Ameniona.
Bado hajaniita mwoga.
Nasubiri.