Bahasha Namba 214

Saa tisa usiku, Valdivia, mvua ya Julai
inagonga bati kama mdai asiyejua haya.
Nimesimama koridoni na karatasi nne,
kalamu imefungwa uzi isije ikapotea.
Mama Herminda Catrileo amevaa koti la mumewe;
mikono imemzidi, ameikunja mara mbili,
nalo lanuka moshi wa kuni mbichi.

"Tunataka kujua," nikamwambia,
"oksijeni kiasi gani ni nyingi, kiasi gani yatosha.
Wengine tutawapa kama ilivyo desturi,
wengine tutawapunguzia kidogo.
Bahasha ndiyo itakayoamua."
Akanitazama.
"Kwa hiyo wewe, daktari, hujui."
Nikasema sijui.
Neno hilo sikufundishwa chuoni,
nimelipata kando ya vitanda vya watu.

Alitia sahihi herufi mojamoja,
kama mtu anayeshona kifungo gizani.

Ndani, Eleuterio, dereva wa lori la magogo,
amelala chali, mpira kooni,
kifua chapanda, kifua chashuka:
hapumui, anapumulishwa,
mara kumi na sita kwa dakika, bila kuchoka, bila kuhema.
Nesi Yasna anampaka mafuta midomoni
huku akimsimulia mechi ya jana,
bao la dakika za majeruhi na yote.
Nikachana bahasha.
Kundi la pili. Kidogo.

Nikazungusha kitufe kwa vidole viwili
(utafiti wenyewe ni huo, vidole viwili)
tarakimu ya buluu ikaanza kushuka:
tisini na sita,
tisini na tatu,
tisini na moja.
Ikatulia.
Moyo wangu haukutulia.
Nikakaa naye hadi kukapambazuka,
ingawa hakuna ukurasa ulionitaka nikae.

Miaka mitano. Bahasha mia nane na sita.
Mwanangu alijifunza baiskeli kwa jirani.
Jokofu la sampuli liliharibika mara mbili;
mara ya pili nilikimbilia barafu soko la samaki,
simba wa baharini wakinizomea ukingoni mwa mto
kama wajumbe wa kamati ya fedha.

Ndipo Baltazar wa takwimu akapiga simu.
"Fungua mchoro," akasema, kisha akanyamaza.
Mistari miwili, mwekundu na mweusi,
imeshikana tangu siku ya kwanza hadi ya tisini
kama wazee wawili wavukao barabara.
"Hakuna tofauti," akasema,
kwa sauti ile tunayoitumia kwa wafiwa.

Nilijifungia msalani, nikalia,
nikatoka, nikala mkate na parachichi.
Halafu nikaikumbuka zahanati ya ng'ambo ya ziwa,
ambako mitungi huja kwa feri, Jumanne tu,
na nesi huanza kuihesabu tangu Jumapili.
Hakuna tofauti.
Nikaisema tena, safari hii kwa ajili yake,
ikawa na ladha nyingine mdomoni.

Mama Herminda alirudi mwezi wa Machi
na chupa ya jamu ya matunda ya msituni.
Eleuterio alikuwa ametutoka siku ya kumi na tisa.
Akaketi. Hakuzunguka:
"Alipewa nyingi au kidogo?"
"Kidogo."
"Angepewa nyingi?"
Nikamweleza hesabu ya watu mia nane na sita.
Alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.
"Hao nimewasikia. Nakuuliza mmoja."

Nje lori lilipita, limejaa magogo,
vioo vya dirisha vikatetemeka, vikaacha.
"Huyo mmoja," nikasema, "bado sijui."

Akatikisa kichwa polepole, kama aliyelipwa
deni dogo kuliko lile alilodai, akalipokea.
Akainuka. Koti lilikuwa lilelile.
Mikono ameikata, akaipinda kwa uzi wa kijani.
Imemtosha.