Daftari la Kibirizi

Ziwa halikuja usiku kama mwizi.
Lilikuja mchana, kidole kwa kidole:
Machi likalamba chanja za dagaa,
Aprili likaingia jikoni kwa Mwamvita,
likazima mafiga, likakaa.

Kalamu ya mtaa ilikuwa mkononi mwangu.
Kaya mia mbili na kumi na nne.
Vyoo, usiulize.

Wageni wakashuka na ndege ya asubuhi,
buti mpya za mpira, bei bado imebandikwa kwenye soli.
Wakapima maji kwa mti wenye namba,
wakapima huzuni kwa fomu yenye namba.
Mmoja alilia kweli. Nilimwona, simsingizii.
Akafuta miwani, akauliza ukurasa wa pili uko wapi.

Mwezi wa saba tangu hapo, likaja lori.
Maturubai arobaini, kila moja na bendera yake.
Mablanketi ya sufu, mazito, ya nchi zenye theluji.
Na makopo. Tukayapasua kwa panga:
samaki.
Samaki wa bahari ya mbali, ndani ya mchuzi wa nyanya,
wameletwa Kigoma!
Mwamvita alicheka hadi akakaa chini,
akacheka mpaka kicheko kikageuka kitu kingine
nasi tukatazama pembeni.

Sikatai. Aliyelala pakavu usiku ule alilala pakavu.
Nilisema ahsante, nikaweka saini,
nikapigwa picha nimeinua kopo.

Ila daftari lina kurasa mbili zinazotazamana.
Kushoto, vya ng'ambo.
Kulia, Bukuru wa Mwandiga, muuza mihogo,
aliyetoa chumba kimoja kati ya viwili alivyonavyo
kwa watu sita na mbuzi, miezi kumi na mmoja.
Fomu hakuwa nayo.
Hesabu yangu ni ya darasa la saba, lakini hii naiweza:
Bukuru alitoa nusu.
Wale walitoa sehemu gani ya walichonacho?
Naandika sifuri, nukta, sifuri, sifuri,
zinafuatana kama siafu,
wino unaisha kabla sijafika kwenye tarakimu.

Tena yule wa miwani ndiye aliyeniambia
kwamba mawingu siku hizi yananona kwa moshi.
Moshi wa nani, bwana?
Sisi dagaa wetu tunaanika juani.
Alinyamaza. Akasema swali hilo lina ofisi yake.

Juu ya ukurasa wa kushoto niliandika MISAADA,
kwa herufi kubwa, kwa rula.
Jana nimelikata neno hilo.
Nafasi iko wazi; deni ni neno fupi,
lingetosha, lakini mkono umesita,
maana mvua za vuli ziko karibu
na huenda tukaomba tena.

Maturubai yanatumika, wasije wakadhani yamepotea.
La Mwamvita amelitandaza mchangani,
dagaa wamelala juu ya bendera, wanameta.
Ameisugua kwa sabuni ya magadi mara tatu.
Harufu haitoki.