Taa za Mtaa wa Katoni

Nyumba ishirini na saba, zote za boksi la biskuti,
nimezipaka chokaa kwa gundi ya unga wa ngano.
Zimekauka juu ya meza ya kulia chakula
ambapo hatuli tena tangu mwezi wa Rajabu.
Huku Langoni, kule Mkomani,
na wikio la vijiti vya aiskrimu juu ya kichochoro
ambacho upana wake ni punda mmoja na nusu.
Punda ni kokwa ya tende.

Kilichobaki ni taa.

Shekuwe wa vifaa vya umeme akanimwagia kaunta nzima
vibalbu kama punje za mtama, nyaya kama unywele.
"Nyeupe ndizo zitokazo, Mwalimu. Hazili betri."
Nikazichukua, nikazijaribu usiku uleule.
Ee Mola! Mtaa wangu ukawa zahanati,
kila dirisha linangoja sindano.
Za buluu: duka la simu.
Nyekundu sikuziuliza.
Za njano zilikaribia, ila ni njano ya limau,
si njano ya samli,
si njano ya uso wa mtu
aliyechutama akingoja maji yachemke.

Na mwanga hauna adabu ya kipimo.
Mlango nimeupunguza, ukapungua,
kiti nimekipunguza hata kikakaa juu ya ukucha,
mwanga ukakataa.
Ukavuja pembeni, ukapenya katoni,
kuta za mawe, unene wa dhiraa,
zikawa kama sikio la mtoto aliyesimama mbele ya jua.
Ikabidi nipake masizi kwa ndani,
nyumba kwa nyumba, masizi ya sufuria, kwa kidole.
Wanasema vyaelea vimeundwa.
Vyang'aa je? Vimepakwa masizi.

Kisha rangi.
Nikachovya balbu kwenye chai ya mkandaa: haikushika.
Bizari ikashika, ikakauka, ikabanduka
kama liwa usoni mwa aliyecheka mapema.
Ndipo Mwanatumu, mjukuu wangu,
akaleta hina iliyobaki Idi, imegandia kikombeni.
Tone moja, kwa njiti ya kiberiti.
Tukazima taa ya chumba.

Hatukusema kitu kwa muda.

"Yote, bibi! Tuwashe madirisha yote!"
La. Mji unaowaka wote
una harusi au una maiti.
Basi tukachagua, tukagombana, tukachagua.
Kwa mpika mofa, iwake, yeye huamka kabla ya muadhini.
Kwa mkunga, iwake chini, juu giza.
Kwa Bwana Famau tusiweke kabisa:
anadaiwa, anataka adhaniwe amelala.
Chuoni hapana. Msikitini moja, mlangoni, penye viatu.

Likabaki dirisha la mama yangu,
ghorofani, kushoto kwa wikio.
Humo alidarizi kofia kwa kandili,
tundu kwa tundu, miaka, hata macho yakamchoka
akawa ananiita mimi nimtungie uzi.
Kila balbu niliyotia ilikuwa nzima mno,
imetulia mno, kama mgeni.

Mfukoni mlikuwa na moja mbovu.
Shekuwe alishasema: "Hiyo yapepesa, irejeshe,
nitakupa nyengine, bila pesa."
Sikuirejesha.

Leo Mwanatumu ameinama, kidevu juu ya meza,
jicho lake kwenye kimo cha kokwa ya tende,
anachungulia kichochoro chote hadi mwisho.
"Na watu? Utawaweka lini?"
Nikamwambia watu ni kazi kubwa, mikono yangu yatetemeka,
na udongo wa kufinyangia umekwisha.
Hakunisikiliza.
Pale juu, kushoto kwa wikio,
taa ilififia kidogo, ikarudi,
kama mtu aliyepita mbele yake
kwenda kutafuta sindano.